Jinsi ya kujua seli imekizuia kirusi hatua gani: mwongozo wa retrovirusi kwa wanaosoma na wanaofanya maabara

Wadau wa baiolojia, wengi wetu ulinzi wa seli dhidi ya retrovirusi (virusi kama VVU vinavyogeuza RNA yao kuwa DNA) tumefundishwa kama orodha ya protini, TRIM5alfa inafanya hivi, APOBEC3G inafanya vile, tetherini, SAMHD1, unakariri mpaka siku ya pepa halafu wiki inayofuata hakuna kilichobaki kichwani. Ukija maabara ukakuta kirusi kimegoma kwenye seli fulani ile orodha haikusaidii, maana seli haikutajii jina la protini iliyokizuia, inachokuonyesha ni kwamba safari ya kirusi imeishia mahali fulani. Fundi umeme akiitwa nyumba imezima haanzi kubadilisha balbu, anapima nguzo, mita, meni swichi, mpaka ajue moto umekatikia wapi. Na hapa ni hivyohivyo, tafuta mahali kwanza, jina litakuja lenyewe.

Tahadhari kabla hatujaenda mbali: haya yote yanafanyika kwa kirusi cha raundi moja, yaani kilichonyofolewa jeni za kujizalisha na kupewa jeni ya protini ya kijani (GFP), kikiingia seli inang'aa, kisha basi, hakuna kizazi cha pili. Na hata hicho kinafanyiwa kazi ndani ya kabati la usalama, kwenye maabara yenye kibali na mtu anayekusimamia. Kama wewe ni wa kusoma tu, soma, mantiki ni ileile.

Ijue njia yenyewe

Kirusi kinashika kipokezi juu ya seli, utando wake unaungana na wa seli, kapsidi, yaani ganda la protini, inaingia ndani ikiwa na RNA. RNA inageuzwa kuwa DNA, mzigo unaingia kwenye kiini, DNA inajichomeka kwenye kromosomu. Hapo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni seli kuanza kusoma ile DNA, kutengeneza protini za kirusi, virusi vipya kujipanga chini ya utando na kuchomoka nje. Shika vizuri hizi nusu mbili, kwa sababu makosa mengi ya kusoma majibu yanatokea mtu anapodhani zuio liko kwenye seli iliyoambukizwa kumbe lilipandishwa kwenye kirusi tangu kule kilikotengenezwa. Tutarudi hapo.

Anza kwa kuondoa suala la mlango

Swali la kwanza kabisa: je, kirusi kimeingia? Seli isiyo na kipokezi haijilindi, haina mlango tu. Watu wenye mabadiliko ya CCR5 delta 32 kwa mfano, waliorithi nakala mbili, seli zao haziambukizwi kirahisi na VVU vinavyotumia CCR5, lakini hiyo ni kukosekana kwa kipokezi, si protini inayopigana. Watu wanachanganya hivi vitu viwili kila siku.

Njia ya kawaida ni kukivika kirusi chako koti la kirusi kingine, protini ya G ya VSV (kirusi cha mifugo), ambayo inaingia karibu seli yoyote ya mamalia. Kikiwa na koti la VSV kikaingia vizuri na kuleta kijani, basi tatizo lilikuwa mlangoni. Kikiwa na koti hilohilo bado kimegoma, zuio liko ndani na unaendelea. Lakini andika pembeni kwamba umetumia koti la VSV, kwa sababu koti hilo linaficha kitu kimoja ambacho nitakitaja baadaye na ukisahau utakikosa kabisa.

Pima kila kituo, usipime mwisho tu

Asilimia ya seli za kijani inakwambia safari imefika au haijafika, haikuambii imeishia wapi. Kwa hiyo unachukua seli zilezile, unatoa DNA, unapima kwa qPCR (kipimo cha kuhesabu nakala za DNA) vitu vitatu au vinne: DNA ya kirusi ya mwanzo, DNA iliyokamilika, duara za 2-LTR, na DNA iliyojichomeka kwenye kromosomu. Duara za 2-LTR ni DNA ya kirusi iliyojifunga yenyewe, hazina kazi kwa kirusi lakini kwetu ni alama kwamba mzigo ulifika ndani ya kiini maana vimeng'enya vinavyoziunga viko huko.

Tuseme seli ya kulinganishia umeipa 100 kila kituo. Seli yako inasoma DNA ya mwanzo 95, iliyokamilika 90, duara 12, kijani 8. Hapo usisumbuke na chochote kinachozuia utengenezaji wa DNA, DNA ipo, ila haijaingia kwenye kiini. Ikisoma 10, 6, 5, 5, zuio limetokea mapema, kabla au wakati wa kugeuza RNA. Ikisoma 100 mpaka kwenye kujichomeka halafu kijani hakuna, basi DNA imekaa kwenye kromosomu lakini imenyamazishwa, na huko kuna kundi la protini linaitwa HUSH, ambalo Vpx, protini ya VVU-2, inaliangusha. Sasa unaona, kabla hujataja jina hata moja umeshaondoa nusu ya orodha.

Usisahau kuweka visima vyenye dawa inayozuia kimeng'enya cha kugeuza RNA, nevirapini inafaa kama kirusi chako ni VVU-1. Bila hivyo unaweza kupima plazimidi (DNA ya duara iliyotumika kutengenezea kirusi) iliyobaki kwenye midia (maji ya kukuzia seli) ukadhani ni DNA ya kirusi, kosa la kijinga ila linakula wiki nzima.

Zuio likiwa mapema sana: kapsidi

Hapa ndo penye utamu na hapa ndo nakaa. Historia inaanza kwenye panya, sio kwa binadamu. Kuna jeni ya panya inaitwa Fv1, ilijulikana miongo mingi kwa sababu panya wa ukoo mmoja walikuwa wanapata leukemia (saratani ya damu) ya kirusi cha Friend na wa ukoo mwingine hawapati. Ilipokuja kunaswa 1996 na kina Jonathan Stoye kule London watu walishangaa, jeni yenyewe inafanana na gag (jeni ya protini za ganda) ya retrovirusi ya kale iliyokwama kwenye vinasaba vya panya. Yaani mabaki ya kirusi yamegeuzwa kuwa ulinzi dhidi ya virusi. Fv1 ya aina moja inazuia virusi vya panya vinavyoitwa N na inapitisha vya B, aina nyingine kinyume chake, na tofauti kati ya N na B inaamuliwa hasa na asidi amino moja kwenye kapsidi, ya 110.

Halafu ikagundulika seli za binadamu nazo zinazuia N na kupitisha B wakati binadamu hana Fv1. Jibu lilikuja 2004, kundi la Joseph Sodroski kule Boston lilichukua jeni za kima rhesus wa Asia wakazimwaga kwenye seli za HeLa za binadamu, wakawapa VVU, wakatafuta seli chache zilizokataa kung'aa. Walichokipata ni TRIM5alfa. Ya rhesus inazuia VVU-1 vikali, ya kwetu binadamu inazuia N vizuri tu lakini kwa VVU-1 ni dhaifu. Na udhaifu huo unauma ukijua ukubwa wake: ukibadilisha asidi amino moja ya TRIM5alfa ya binadamu, namba 332, kutoka arginini kwenda prolini, inaanza kukizuia VVU-1. Moja tu!

Inavyofanya kazi: TRIM5alfa nyingi zinajipanga kama wavu juu ya kapsidi, kapsidi inasambaratika kabla ya wakati, na seli inapewa taarifa kwamba kuna mgeni. Kwa kuwa inashika kapsidi, koti la nje halina maana yoyote kwake.

Kuithibitisha kwa mkono, majaribio ambayo mimi ningeyaweka mbele ni haya. La kwanza, jozi ya N na B. Virusi viwili ambavyo kwa zuio hili tofauti ya maana ni kapsidi tu, unavitia kwenye seli za HeLa kwa dozi sawa, B inapita, N inagoma. Kama vyote vinagoma usitaje TRIM5. La pili, ongeza dozi kidogo kidogo na chora grafu. TRIM5alfa inaweza kuishiwa nguvu, kwa sababu idadi yake kwenye seli ina kikomo, kwa hiyo kwenye dozi ndogo utaona zuio kubwa halafu dozi ikipanda mstari unaruka ghafla unakaribia wa seli isiyo na zuio. Mistari miwili ikienda sambamba mwanzo mwisho bila kukaribiana, zuio lako haliishiwi, tafuta kwingine. Watu wanaotumia dozi moja, tena kubwa, wanapitwa na hili halafu wanaandika kwamba seli haina ulinzi.

La tatu lina mtego. Ukiweka MG132, dawa ya kuzuia proteasomu (kinu cha seli cha kuvunja protini), DNA ya kirusi inarudi juu vizuri, unafurahi, unapima kijani, bado hamna. Sio kwamba jaribio limeharibika. Zuio la TRIM5alfa lina ngazi mbili, proteasomu inahusika kwenye kuua DNA mapema, lakini hata bila proteasomu kapsidi iliyokwisha kunaswa haifiki kwenye kiini ikiwa na uwezo. Kwa hiyo anayepima DNA peke yake atasema zuio limeondoka na anayepima kijani peke yake atasema dawa haijafanya chochote, na wote wawili wamekosa picha.

Kima wa usiku wa Amerika Kusini wao wana toleo lao, TRIM5 imeungana na saiklofilini A, na hiyo inazimwa na saiklosporini, dawa ileile wanayopewa waliopandikizwa figo. Ukiweka saiklosporini kwenye seli zao VVU-1 kinaingia. Jaribio safi sana hilo la darasani, tatizo ni kuzipata hizo seli.

Na kama unadhani kapsidi ni habari za wataalam tu, lenakapaviri, ile sindano ya kujikinga na VVU ya mara mbili kwa mwaka, inashika kapsidi hiyohiyo. Kwenye jaribio la PURPOSE 1 lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, matokeo 2024, wanawake 2,134 waliopewa lenakapaviri hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Dawa haiigi TRIM5alfa, yenyewe inaigandisha kapsidi badala ya kuivunja, ila zote zinacheza palepale.

DNA haijengwi, au imejengwa lakini haiingii ndani

Seli zikiwa ni makrofaji, dendritiki au seli T zilizolala, na DNA ya kirusi ni kidogo, mshukiwa wa kwanza ni SAMHD1. Hii haigusi kirusi chenyewe, inakata dNTP, yale matofali ya kujengea DNA, kimeng'enya cha kirusi kinabaki hakina malighafi. Ilitambuliwa 2011 na makundi mawili, moja la Montpellier Ufaransa na lingine Marekani, yote yakifuata swali la Vpx inafanya nini. VVU-2 kina Vpx inayoiangusha SAMHD1, VVU-1 hakina.

Kuipima ni rahisi: waongezee seli nukleosidi, au wape Vpx. Kirusi kikipona kwa vyote viwili kesi imeisha. Ila angalia hapa, usitegemee westani bloti (kipimo cha kuona kama protini ipo) ya SAMHD1 peke yake. Seli zinazogawanyika nazo zina SAMHD1 kibao ila imewekewa fosfeti kwenye threonini ya 592 na kazi ya kuzuia virusi haifanyi. Kwa hiyo kuona bendi haimaanishi ulinzi upo, pima na ile yenye fosfeti.

MX2, protini ya seli inayozuia mzigo kuingia kwenye kiini, ni ile hesabu ya 95, 90, 12, 8 niliyotoa juu. DNA ipo, duara ni chache. Mara nyingi haionekani mpaka seli ipewe interferoni (kengele ya seli ya kutangaza maambukizi), kwa hiyo kama seli zako hazijaguswa na interferoni na umeona sura hiyo, usikimbilie MX2.

Sasa geuka nyuma: kirusi kilitengenezwa wapi?

Hili ndo swali ambalo kama nina dakika moja tu na mwanafunzi ningemwambia hili na kumwacha. Karibu kila mtu anazalisha virusi kwenye seli za 293T (seli za binadamu za maabara) kwa sababu zinakua haraka na zinakubali plazimidi. Ni hivi, 293T hazina APOBEC3G ya maana, tetherini pia hazina ya kutosha kusumbua. Ukizalishia hapo, ukatumia na koti la VSV, umejifungia macho kwa ulinzi wa aina tatu kwa mpigo na majibu yako yatasema kila kitu kiko shwari.

APOBEC3G ndo mfano wenyewe. Miaka ya 90 watu walijua VVU visivyo na Vif (protini ya kirusi) vikitoka kwenye seli T za CEM ni vibovu, vikitoka kwa ndugu zao CEM-SS ni vizima. Ubovu unaonekana kwenye seli inayofuata lakini chanzo ni seli iliyotangulia. Wakaunganisha aina mbili za seli, ile ya kukubali na ile ya kukataa, seli mchanganyiko ikakataa, maana yake kulikuwa na kizuizi kwenye ile ya kukataa na si kwamba ile nyingine ilikuwa na msaada wa ziada. Mbinu hiyo ya kuunganisha ishike, inafaa popote unapobishana kama kuna kizuizi au kuna upungufu. Mwaka 2002 kundi la Michael Malim likakipata, leo ndo APOBEC3G.

Inapanda ndani ya kirusi kinapochomoka, inakaa kimya, kirusi kikifika seli mpya na kuanza kugeuza RNA yenyewe inabadilisha C kuwa U kwenye uzi wa kwanza wa DNA. Ukija kusoma mfuatano wa kawaida unaona G zimekuwa A, hasa zile G zilizofuatwa na G nyingine. Angalia kwa karibu: TGG ni triptofani. Ikigongwa G ya kati inakuwa TAG, amri ya kusimama. Ikigongwa ya mwisho inakuwa TGA, nayo kusimama. Zote mbili, TAA, kusimama vilevile. Kwa hiyo kila triptofani ya kirusi ni shabaha, na ukiona mfuatano wenye triptofani zilizogeuka kusimama huhitaji kuambiwa nani amepita hapo.

Vif inajibu kwa kuikamata APOBEC3G na kuipeleka proteasomu kupitia Cullin 5. Kwa hiyo jaribio lako lazima liwe na safu nne: kirusi chenye Vif na kisicho na Vif, kila kimoja kizalishwe kwenye seli yenye APOBEC3G na isiyo nayo, halafu vyote vipelekwe seli pokezi moja. Ukiona ubovu kwenye safu moja tu, ile ya bila Vif na APOBEC3G ipo, umemaliza.

Tetherini tofauti yake ni kwamba kirusi kimekamilika kabisa ila kimeshikiliwa na mkia juu ya utando, hakiondoki. Pima p24 (protini ya kapsidi ya VVU) ndani ya seli na kwenye midia. Ndani nyingi, nje kidogo, shuku tetherini. Ukiosha seli na kimeng'enya cha kukata protini virusi vilivyonata vinamwagika kwenye midia, na kwa darubini ya elektroni unaviona vimejipanga ukutani. HeLa wana tetherini ya asili, 293T hawana, kwa hiyo VVU-1 visivyo na Vpu (protini ya kirusi inayoiondoa tetherini) vinatoka vizuri kwenye 293T na vinakwama kwenye HeLa. Iligunduliwa 2008.

Na kile kitu nilichosema koti la VSV linaficha ni SERINC5, protini ya seli iliyotambuliwa kama ulinzi 2015. Inapanda kwenye utando wa kirusi na kukifanya kishindwe kuungana na seli mpya, Nef, protini ya VVU, ndo inaiondoa. Lakini athari yake inategemea koti, kirusi chenye koti la VSV hakijali. Kwa hiyo unayetafuta kazi ya Nef rudisha koti la VVU lenyewe.

Linganisha wanyama

Ulinzi huu unaonekana vizuri unapovuka spishi. Tumbili wetu hawa wanaoiba mahindi na ndizi wana SIV yao (kirusi ndugu wa VVU) na kwa kawaida hawaugui UKIMWI. Vif ya SIV hiyo inaiangusha APOBEC3G ya tumbili, ya binadamu haiiwezi, na sababu ni asidi amino ya 128: binadamu ana aspatiki, tumbili ana lisini. Ukibadilisha hiyo moja kwenye ya binadamu mambo yanageuka. Tetherini ya binadamu nayo imepoteza asidi amino tano kwenye mkia wake wa ndani, kwa hiyo Nef ya SIV ya sokwe mtu haina pa kuishika, na kundi M la VVU-1, lile lililosambaa dunia nzima kutokea upande wa Kinshasa, lilipata njia kupitia Vpu badala ya Nef. Kwa hiyo ukipata zuio usiloelewa, jaribu protini hiyohiyo ya spishi nyingine, jibu mara nyingi liko kwenye tofauti ya herufi moja au mbili.

Kwa walioko maabara za hospitali

Huku kwetu APOBEC utakutana nayo sana kwenye vipimo vya usugu wa dawa kuliko kwenye utafiti. Sampuli za damu kavu kwenye karatasi zina seli, na seli zina DNA ya VVU iliyojichomeka, kwa hiyo PCR yako inaweza kunasa DNA hiyo pamoja na RNA ya plazma. DNA hiyo mara nyingine ni makaburi ya APOBEC. ATG ikiwa ATA unasoma M184I (alama ya usugu wa dawa), GAA ikiwa AAA unasoma E138K, na mashine inatoa ripoti kwamba mgonjwa ana usugu wakati kirusi chenyewe kimekufa, hakiwezi kuzaa chochote.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, pitia mfuatano wote utafute alama za kusimama katikati ya jeni, hesabu G zilizogeuka A ukilinganisha na mabadiliko mengine, na angalia kama M184I imekuja peke yake au imekuja na triptofani zilizokatika. Ikija nazo, rudia kwa plazma kama ipo, na kama haipo andika kwenye ripoti kwamba mfuatano una dalili za APOBEC ili daktari asibadilishe dawa kwa sababu ya kirusi mfu.